Dokta wa kwenye simu: hivi mgonjwa wa akili anatibiwaje kwa WhatsApp?

Wiki iliyopita kwenye grupu letu la ukoo paliwaka moto. Shemeji kaandika kwamba pale kituo cha afya cha kata siku hizi kila Alhamisi wanawatibu wagonjwa wa akili kwa simu, basi watu wakamrukia. Mmoja kauliza eti ukichaa unatibiwa kwa WhatsApp tangu lini, mwingine kasema huo ni utapeli tu, ndugu zao wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na baba mdogo kama kawaida yake katuma voisi ya dakika nne kwamba mgonjwa wa akili afungwe kamba kwanza ndo mengine yafuate. Mi nilikaa kimya. Siku chache nyuma nilikuwa kijijini, na hicho chumba wanachokisema nilikaa ndani yake nimemsindikiza binamu yangu, ila kwenye grupu huwezi kueleza kitu kirefu, ukimaliza kuandika watu wameshahamia kwenye michango ya harusi. Ndo maana naandika huku.

Tuanze na majina maana nusu ya ugomvi unatoka hapo. Tiba mtandao ni huduma yoyote ya afya ambayo mtoa huduma na mgonjwa hawako sehemu moja na kinachowaunganisha ni simu, kompyuta au video. Si lazima iwe intaneti. Kupigiwa simu ya kawaida kwenye kiswaswadu na mtu akakuuliza maswali ya maana nayo ni tiba mtandao. Afya ya akili nayo si ukichaa peke yake, na hapa ndo watu wengi wanapotelea. Yule anayeokota makopo barabarani ni sehemu ndogo sana ya hadithi. Kuna sonona, ile huzuni nzito inayokaa wiki mbili na zaidi mpaka mtu hali, halali, shamba halimvutii tena. Kuna wasiwasi usioisha, mama aliyejifungua juzi na hamtaki mtoto, aliyepigwa na mumewe miaka na sasa akisikia mlango anaruka, mlevi anayetaka kuacha na hawezi, kijana wa unga. Hata kifafa kwa kwetu kinapitia mlango huo huo wa kiliniki ya akili japo chenyewe ni ugonjwa wa ubongo. Hivyo vyote ndo ninavyozungumzia.

Na wataalamu nao si wamoja. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili aliyebobea huko, anaandika dawa. Mwanasaikolojia kazi yake kubwa ni mazungumzo, haandiki dawa. Mnasihi ndo wa ushauri nasaha. Halafu kuna watu ambao ndo tunao kweli vijijini: tabibu, muuguzi, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayepita nyumba kwa nyumba. Sisi wote hao tunawaita dokta, kwa hiyo ukisikia "dokta wa simu" uliza kwanza ni yupi kati yao.

Sasa inafanyaje kazi? Fikiria lori limekufa katikati ya pori. Dereva anampigia fundi wake mjini. Fundi anamwambia fungua boneti, washa, niwekee simu karibu nisikie huo mlio, haya mpe simu utingo, wewe utingo shika ule mpira wa kushoto niambie wa moto au wa baridi. Fundi ana ujuzi, utingo ana mikono. Lori likiwaka hutasema simu ndo imetengeneza gari. Na kama utingo hayupo, au spana hamna, au kifaa kilichokufa hakipatikani hapo, fundi anaweza kuwa bingwa wa nchi nzima na bado mtalala porini.

Hilo ndo jambo lenyewe, hayo mengine ninayoandika yananing'inia hapo. Watu wanabishana kuhusu simu, sijui video inaona sijui haioni, wakati swali la maana ni nani amekaa upande wa huku na kabatini kuna nini.

Namna yake ni nyingi. Rahisi kuliko zote ni mtaalamu kumpigia mgonjwa nyumbani, hasa kwa ushauri nasaha na kufuatilia kama dawa zinamezwa. Nyingine ni ile niliyoiona mimi, mgonjwa anaenda kituo kilicho karibu naye, anakaa na muuguzi, daktari yuko kwenye kioo. Nyingine, na nadhani ndo yenye faida kuliko zote ila haipigiwi kelele, ni daktari bingwa kuongea na tabibu peke yao mgonjwa hayupo, tabibu anasema nina mgonjwa wa hivi na hivi nimempa hiki hajapata nafuu nifanyeje. Hapo bingwa mmoja kwa saa moja anaweza kugusa wagonjwa kumi, na zaidi ya hapo yule tabibu mwezi ujao hatauliza swali lile lile tena, kashajifunza. Na kuna programu za kwenye simu na jumbe za kukukumbusha dawa, hizo nitazisema kidogo huko mbele.

Halafu anayesema haya ni mambo ya vijana wa TikTok nimwambie hivi, mwaka 1959 huko Nebraska, Marekani, hospitali ya akili ilikuwa inatumia televisheni ya pande mbili, wagonjwa na wataalamu wanaonana na kuongea, na 1964 wakaiunganisha na hospitali ya akili ya mji wa Norfolk iliyo mbali kama kilomita 180. Nebraska ni mashamba ya mahindi na ng'ombe, shida yao ilikuwa umbali kama yetu. Na hapa Afrika Mashariki wale madaktari warukao wa shirika la afya la Amref, walioanza 1957, walikuwa na redio za upepo kwenye hospitali za mbali, muuguzi wa porini anauliza, daktari Nairobi anajibu. Ukiniuliza mimi, huo ni utingo na fundi tupu.

Kwa nini isiwe mgonjwa asafiri tu akaonwe? Hebu piga hesabu. Huku kwetu Tanzania, mtu wa Rukwa au Katavi akiambiwa aende hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, hiyo ni siku nzima kwenye basi, na mgonjwa wa akili hasafiri peke yake, anasindikizwa na watu wawili, mmoja wa kumshika akichachamaa. Nauli za watu watatu kwenda na kurudi, gesti, chakula, na wote watatu wameacha shamba. Anapewa dawa za mwezi au miwili. Zikiisha nani anarudia safari ile? Hapo ndo ugonjwa unarudi na watu wanasema umeona, hospitali imeshindwa. Haikushindwa hospitali, imeshindwa nauli.

Kenya ni hivyo hivyo. Hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, iko tangu 1910 na mpaka leo ukiwa Turkana au Mandera ndo jina la kwanza unalotajiwa. Mwaka 2020 kikosi kazi kilichoongozwa na Dk Frank Njenga kilitoa ripoti kikapendekeza afya ya akili itangazwe dharura ya taifa, na madaktari bingwa wa akili wakati huo walikuwa kama mia moja hivi kwa nchi ya watu zaidi ya milioni 47, tena wengi wako Nairobi na miji mikubwa. Gawanya mwenyewe. Bingwa mmoja kwa watu karibu laki tano. Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema nchi maskini zina wahudumu wa afya ya akili chini ya 2 kwa kila watu 100,000, wakati nchi tajiri wanazidi 60, na hapo wamehesabiwa wote, wauguzi na wanasaikolojia humo humo. Hao mabingwa hawazaliwi kesho. Kumtengeneza mmoja ni miaka kumi na kitu ya shule, na akimaliza anataka kuishi penye shule nzuri ya watoto wake, na mimi simlaumu.

Haya, chumba chenyewe. Ni chumba cha chanjo, Alhamisi hakuna chanjo ndo wanakitumia. Friji linanguruma kwenye kona, tableti imeegemezwa kwenye boksi la glavu, na kila mtu akigonga meza daktari anaangukia chali na sista anamnyanyua. Binamu yangu ana miaka 24. Alianza kukesha, akaanza kujibizana na watu wasiokuwepo, akasema redio ya jirani inamtangaza yeye. Tulimpeleka kwa mganga kwanza, sioni aibu kusema, mbuzi wawili na hela ikaenda. Alipofika kituoni mara ya kwanza sista hakukimbilia tableti. Alimpima joto, akampima malaria, akampima sukari, akamuuliza bangi na pombe, akamshauri kupima virusi vya UKIMWI. Nilipohadithiwa mi nilidhani alikuwa anapoteza muda. Kumbe malaria kali ikipanda kichwani inaleta kuweweseka kunakofanana kabisa na wazimu, sukari ikishuka hivyo hivyo, na maambukizi kwenye ubongo. Mtu aliyeanza kuchanganyikiwa ghafla, jana mzima leo hajui jina lake na ana homa, huyo si wa tableti, huyo ni wa kulazwa saa hiyo hiyo.

Vipimo vikatoka safi, daktari akamuanzishia haloperidoli, dawa ya zamani ya bei rahisi. Siku niliyokuwepo mimi ilikuwa marudio, wiki ya tatu. Sauti zimepungua, analala, lakini shingo imekaza na anatembea kama roboti. Kijijini wakasema dawa zimemharibu. Daktari akamsalimia, wakaongea vizuri tu kuhusu mpira, halafu akasema, "Sista, nishikie mkono wake wa kulia, ukunje na kuukunjua taratibu pale kwenye kiwiko. Unakwenda laini au unakwama kwama kama gia?" Sista akakunja. "Unakwama, dokta." Hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa hizo, na yana dawa yake. Akapunguza dozi, akaongeza benzeksoli, sista akaenda kuchungulia kabatini akarudi nalo kopo mkononi analionyesha kwenye kamera. Lilikuwepo. Lisingekuwepo sijui tungekuwa tunaongea nini hapa.

Kabla hawajaagana daktari kauliza, unakula? Binamu kajibu nakula vizuri. Sista akasema, "Dokta, mkanda wake katoboa tundu jipya." Kamera inamwonyesha mtu kuanzia kifuani kwenda juu, mkanda haiuoni.

Sasa yale mengine waliyoyasema kwenye grupu.

La kwanza, kwamba bila kumshika mgonjwa daktari hawezi kumjua. Kwa tumbo la upasuaji sawa kabisa. Lakini ugonjwa wa akili haupimwi kwa damu wala eksirei, hivyo vipimo nilivyovisema ni vya kuondoa magonjwa mengine yanayojifananisha. Wenyewe unajulikana kwa maongezi na kuangalia: anajibu nini, anajibu kwa kasi gani, macho yanaenda wapi, ndugu wanasema ilianza lini. Ndo maana kati ya fani zote za udaktari hii ni mojawapo ya zile zinazohamia kwenye kioo bila kupoteza sana, na kile kidogo cha kushika anakishika sista.

La pili, kwamba ushauri wa kwenye simu ni wa kubahatisha. Kuna utafiti ulifanyika Chicago ukatoka 2012, watu 325 wenye sonona, nusu wakapewa tiba ya mazungumzo ana kwa ana na nusu tiba ile ile kwa simu ya kawaida. Mwisho wa tiba pande zote zilikuwa zimepata nafuu sawa. Na walioacha njiani? Wa ana kwa ana ilikuwa kama mmoja kwa kila watatu, wa simu kama mmoja kwa kila watano, maana simu haina foleni wala nauli. Ila nisiwe muongo, miezi sita baada ya tiba kuisha, wale wa ana kwa ana walikuwa na hali nzuri kidogo kuwashinda wa simu. Kwa hiyo kuonana kuna kitu chake. Ila mtu wa kijijini kwetu hachagui kati ya simu na kuonana, anachagua kati ya simu na kukosa kabisa, na hapo mizani inabadilika.

La tatu, eti lazima awe daktari. Zimbabwe mwaka 2006 daktari wa akili anaitwa Dixon Chibanda aliona hatawamaliza wagonjwa, akawafundisha bibi zetu, yaani bibi kweli, wazee wa mitaani Harare, wakae kwenye benchi nje ya kliniki wasikilize watu wenye "kufungisisa", neno la Kishona la kuwaza kupita kiasi, na wawasaidie kutatua tatizo moja moja. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti wake yakachapishwa, waliokaa na bibi walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Mfumo huo umefika mpaka Zanzibar. Maana yake ni kwamba kwa sonona na mawazo ya kawaida mtu aliyefundishwa vizuri na anayesimamiwa anatosha, na kusimamiwa huko ndo kunakofanyika kwa simu. Bingwa haongei na kila mgonjwa, anawashika mkono wale wanaoongea na wagonjwa. Kenya mwaka 2023 wametoa wahudumu wa jamii zaidi ya 100,000 wenye simu za kazi, na huku kwetu kuna mpango wa kuwa na wahudumu wa jamii zaidi ya laki moja. Hao ndo utingo wenyewe, swali ni kama wamefundishwa kuuliza kuhusu akili au ni chandarua na chanjo tu.

La nne, lazima simu janja. Wala. Kuna dodoso fupi la sonona linaloitwa PHQ-9, maswali tisa, linauliza wiki mbili zilizopita umesumbuliwa mara ngapi na kukosa usingizi, kukosa hamu, kujiona hufai na kadhalika. Kila swali linapewa alama 0 mpaka 3, ukijumlisha haizidi 27, na ukifika 10 hapo mtu anatakiwa aangaliwe zaidi. Maswali tisa unaweza kuyauliza kwenye kiswaswadu huku mtu anapalilia.

La tano ndo zito, siri. Hapa grupu walikuwa na hoja ya kweli bila kujua. Tanzania tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi ya 2022, Kenya wana ya 2019, zote zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Vizuri sana. Ila sheria haimzuii mama mkwe kukaa mlangoni anachambua maharage. Vijijini simu nyingi ni za nyumba nzima, anaipokea mtoto, meseji anaisoma baba, na kuta za nyumba zinapitisha kila kitu. Mwanamke anayepigwa akipata meseji ya "habari, tunakukumbusha kikao chako cha ushauri" anaweza kupigwa kwa meseji hiyo hiyo. Mtoa huduma anayejua kazi yake kitu cha kwanza anauliza, uko na nani hapo? Pili, anauliza maswali ya kujibiwa ndiyo na hapana ili hata anayesikiliza asielewe. Tatu, mnakubaliana neno, ukisema "basi nitakuletea zile mbegu" anajua mtu kaingia, anakata. Na hii ndo sababu chumba cha chanjo kinashinda nyumbani: ukienda kituo cha afya kila mtu anadhani umeenda kupima presha.

Lugha nayo niseme. Hakuna bibi kwetu atakayekwambia nina sonona. Atasema roho imechoka, kichwa kinajaa, moyo unaenda mbio, mwili unachoma choma, nimekuwa mtu wa mawazo. Daktari wa Dar anaweza kuandika malaria hapo. Sista wa pale pale anaelewa, anatafsiri, na wengine kilugha kabisa. Ila kutafsiri kuna mtego wake, kijana anasema jambo la aibu mbele ya sista ambaye ni rafiki wa dada yake, sista analilainisha kidogo kwa huruma, daktari anapata habari nusu. Daktari mzuri anaomba dakika tano na mgonjwa peke yake, sista asimame nje.

Kuna vitu ambavyo havitakiwi kufanywa kwa simu na mtu akikwambia anavifanya mkimbie. Mlevi wa gongo wa kila siku asiache ghafla nyumbani kwa ushauri wa simu. Wengi hawajui hii, wanadhani kuacha pombe kunakutesa tu. Mwili uliozoea ukikatiwa ghafla, ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, na kuanzia kama siku ya pili mpaka ya nne akaweweseka, akatetemeka, na watu wanakufa kwa hilo. Anatakiwa awe mahali penye muuguzi na dawa. Tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini, iliyoanza hospitali ya Muhimbili, Dar, 2011, nayo kwa kawaida mtu anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, huwezi kutumiwa kwa basi. Dawa za akili kama lithiamu na klozapini zinataka damu ipimwe mara kwa mara, kama kituo hakina maabara wala njia ya kupeleka sampuli, daktari wa kwenye kioo hana haki ya kukuanzishia.

Na mtu anayewaza kujiua. Huyu simu inamsaidia sana mwanzoni, kusikilizwa tu kunaokoa, ila mtaalamu anayejua kazi atakuwa amekuuliza mwanzo kabisa wa mazungumzo uko kijiji gani na nipe namba ya mtu aliye karibu nawe. Watu wanakasirika wanadhani wanapelelezwa. Mtandao ukikatika ghafla, na wewe uko kilomita mia nne, utamtuma nani aende? Kenya mwezi wa kwanza 2025 Mahakama Kuu ilisema kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Kwetu Tanzania kujaribu kujiua bado kumeandikwa kama kosa kwenye sheria ya adhabu, na nina hakika hiyo inawafunga watu midomo kwenye simu kuliko kitu kingine chochote. Kama ni wewe au mtu wako, Kenya piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, bure. Tanzania ile 199 ya Wizara ya Afya ni bure pia. Mtoto kote kote ni 116. Na mwambie mtu aliye karibu, leo.

Programu za simu zinazoongea nawe zenyewe kwa akili bandia, mi nina mashaka nazo kwa mgonjwa wa kweli. Kukumbusha dawa na kufundisha kupumua taratibu sawa. Lakini haiwezi kukunja mkono wa mtu wala kuuona mkanda. Na wale wanaouza "dawa ya akili ya asili" mtandaoni, unatuma hela wanakutumia unga kwenye basi, usiwaweke kapu moja na hawa. Daktari wa kweli amesajiliwa na baraza la madaktari, anakuuliza maswali mengi kabla ya kukuandikia chochote, hakuahidi kupona kwa siku saba, na dawa unaichukua kwenye kituo au famasi.

Kwa baba mdogo na kamba zake: daktari alituambia wazi, maombi endeleeni, hata kwa mganga sijamzuia mtu kwenda kuongea, ila vidonge visiachwe, asinyweshwe dawa za miti msizozijua juu ya hivi, na asifungwe. Binamu ana alama kwenye vifundo vya mikono mpaka leo na si za ugonjwa.

Kilichobaki ni mtandao na hela. Mwaka 2023 serikali ilisaini kujengwa minara 758 ya simu vijijini, na kwetu kweli siku hizi mtandao upo, ukisogea nje kidogo. Siku ile umeme ulikatika katikati ya kikao, tableti ikawa na chaji asilimia 11, tukahamia chini ya mwembe na simu ya sista mwenyewe, sauti tu, wakamalizia marudio ya mgonjwa wa mwisho pale huku kuku wanapita. Nikamuuliza sista, hivi bando mnapewa? Akacheka. Tableti ililetwa na mradi, mafunzo ya siku tatu yakaletwa na mradi, posho ya mafunzo ikalipwa, picha zikapigwa. Bando halikuwemo kwenye bajeti. Kila Jumatano usiku ananunua la kwake, na kama mshahara umechelewa anamkopa mwenye duka la vocha pale senta.

Jana nimemtumia vocha. Kanijibu asante, kasema wiki hii wamefikia wagonjwa tisa na kopo la benzeksoli limebaki robo.